Kumbe Skeletor ni Anko

Mwezi wa nane niliandikia jamaa mmoja wa Nairobi maelezo ya bidhaa sitini. Huyo jamaa anauza wanasesere wa katuni mtandaoni, wale wa kuwekwa kwa kabati la vioo, wanunuzi wake wengi ni wanaume wenye ndevu na mikopo ya gari. Tulikuwa tumekubaliana pesa. Kazi ilipoisha, pesa zikageuka kuwa stori. "Buda, biashara imelala," akaniambia. "Chagua kitu kimoja hapo kwa rafu tumalizane."

Nikachagua Skeletor. Bei yake naijua kwa sababu ni mimi niliyeiandika: elfu tano na mia tano. Usiku huo nikapanda basi ya kurudi nyumbani, Chekalini, begi likiwa na nguo mbili, chaja, na adui mkubwa wa sayari ya Eternia ndani ya boksi lake. Kondakta aliuliza kama nimebeba kitu cha kuvunjika. Nikamwambia hapana, nimebeba mshahara.

Sasa kwa kuwa ndiye mshahara wangu, acha nimpime vizuri.

Kuna Skeletor mwingine niliyemjua kabla yake. Nilikuwa na miaka saba hivi. Siku ya soko Turbo kulikuwa na mama aliyemwaga mitumba ya watoto juu ya gunia: viatu vya upande mmoja, magari bila magurudumu, dubu wa manyoya wenye majina ya watoto wa Ulaya yameandikwa kwa kalamu kwenye lebo. Katikati ya hiyo takataka kulikuwa na mtu wa plastiki wa rangi ya samawati. Kifua kipana kama cha mpiga ngumi. Uso wake ulikuwa fuvu la manjano ndani ya hudi ya zambarau. Hakuwa na miguu. Nilikuja kujua baadaye kwamba miguu ya wale wa zamani ilishikwa na mpira kwa ndani, na mpira ukizeeka unakatika, miguu inaanguka. Mamangu alimnunua kwa shilingi kumi ili ninyamaze.

Sikujua anaitwa nani. Kukhu alikuwa ametuhadithia sana habari za linani, lile zimwi la hadithi za Waluhya linalokula watu na kujifanya mgeni mzuri. Basi nikamwita Linani. Rafiki yangu, mtoto wa mwenye duka la karibu na kwetu, alikuwa na askari wa kijani asiyekuwa na kichwa. Huyo ndiye alikuwa akta wetu. Na si unajua sheria ya vidioni: akta hafi. Adui anapigwa mpaka mwisho, halafu kesho anaanza upya. Tulicheza hivyo nyuma ya duka lao, chini ya mparachichi, likizo nzima. Mimi nilikuwa adui kila siku kwa sababu Linani alikuwa wangu.

Turudi kwa mshahara. Skeletor alitoka kwenye kiwanda cha Mattel mwaka wa 1982, na katuni yake ikafuata 1983. Ni vizuri kukumbuka huo mpangilio: mwanasesere kwanza, katuni baadaye. Vipindi vyote 130 vya He-Man vilikuwa pia njia ya kuwaambia watoto wa Marekani wanunue nini. Ndiyo maana Skeletor hakuwahi kushindwa kabisa. Alipigwa, akakimbia huku akitishia, akarudi kipindi kijacho. Adui akifa, nani atanunua adui?

Yule wa 1982 alikuwa na urefu wa sentimita 14 hivi na viungo sita: shingo, mabega mawili, kiuno, na mapaja mawili. Mikono ilipanda na kushuka tu. Uhondo wote ulikuwa kiunoni. Unamzungusha, unamwachilia, springi inamrudisha na ngumi inatua. Huyu wangu ni wa toleo linaloitwa Origins, lililoingia madukani 2020. Urefu ni uleule, sura ni ileile, lakini viungo ni 16. Kiwiko kinakunjika. Goti linakunjika. Anaweza kukaa kwenye kiti cha enzi, na anaweza kukaa juu ya debe akisubiri matatu, nimejaribu. Springi ya kiuno imeondolewa. Mwaka uliofuata Mattel ikatoa pia Masterverse, wakubwa zaidi, wenye viungo zaidi ya 30, wakiendana na katuni mpya ya Netflix.

Kwa ufundi, siwezi kulalamika. Rangi imepakwa safi, fimbo yenye fuvu la kondoo dume inashikika mkononi bila kuanguka, na miguu, namshukuru Mungu, haishikwi na mpira. Nilichokosa ni ile ngumi. Wa zamani alikuwa na kitendo kimoja na alikifanya kama amekasirika kweli. Wa sasa ana mikao elfu moja na hakuna hata mmoja unaotoka kwake mwenyewe. Lazima umpange. Ametengenezewa mtu ambaye atamsimamisha vizuri, ampige picha, kisha aende kazini.

Kuna jambo lingine nililoligundua nikiwa bado kwa yule jamaa. Hawa wa Origins wanavuliwa viungo na kubadilishana. Nilimvua Skeletor kichwa nikakiweka kwa He-Man. Kikaingia, "tak", kikatulia kama kilizaliwa hapo. Nikakiweka cha He-Man kwa Skeletor. Kikaingia vilevile. Mattel wanauza hii kama starehe ya mchezo, na ni starehe kweli. Lakini nilikaa nimewaangalia hao wawili kwa muda kuliko kazi ilivyoruhusu.

Maana hapo ndipo ulipo ukarabati wenyewe, wala hauko kwenye magoti. Katika katuni ya 2002 tunaonyeshwa Skeletor kabla hajawa Skeletor. Anaitwa Keldor. Ana uso, ana nywele, ana ndevu. Anapigana na Randor, ambaye bado ni kapteni, hajawa mfalme. Keldor anarusha chupa ya tindikali ili amuunguze mwenzake, ngao inairudisha, uso wake mwenyewe unaungua mpaka fuvu linabaki. Kisha Mattel walipoanza kutoa toleo la wakusanyaji, Classics, mwaka wa 2008, wakaweka wasifu mfupi nyuma ya kila boksi. Kwa Skeletor wakaandika jina lake halisi: Keldor, ndugu wa kambo wa Mfalme Randor. Wamemtoa hata Keldor mwenyewe kama mwanasesere, mwenye uso mzima.

Randor ndiye babake Prince Adam, na Adam ndiye He-Man. Kwa hivyo hesabu ni rahisi. Miaka yote hiyo akta wetu alikuwa akipigana na anko wake.

Na si Skeletor peke yake. Angalia Scar wa The Lion King, ambaye sisi tunaoongea Kiswahili tuna haki ya kumzungumzia kuliko wengi. Kwenye filamu ya 1994 tayari alikuwa ndugu wa mfalme, lakini hakuwa na lolote zaidi ya wivu na kovu. Kitabu kimoja cha watoto cha mwaka huohuo kikampa jina la kuzaliwa: Taka. Filamu ya Mufasa ya 2024 ikalichukua jina hilo na kujenga hadithi nzima juu yake. Huko, Taka ndiye mwana wa mfalme, na Mufasa ni yatima aliyepotea, Taka akamfanya ndugu. Baadaye anamsaliti, Mufasa anaapa kutolitaja tena jina lake, naye anachukua lile la kovu.

Sinema nzima nilikuwa nasubiri mtu mmoja pale Hollywood aulize, hivi mzazi gani anamwita mtoto Taka? Kwetu tuna akina Shida, Tabu na Majuto, na kila jina lina mama aliyeona kitu. Taka hana mama aliyeona kitu. Ana mwandishi aliyefungua kamusi akitafuta mbaya. Na fisi mkuu anaitwa Shenzi. Hilo ni neno ambalo watu wa pwani walituitia sisi wa bara zamani: washenzi, wasiostaarabika, wa kuuzwa au wa kufunzwa. Kwa hivyo ukimnunulia mtoto wa Chekalini fisi wa plastiki anayeitwa Shenzi, unamletea tusi la babu zake likiwa na meno. Huyo hajakarabatiwa. Taka alipata utoto na machozi, Shenzi alibaki na jina lake.

Kuna ukarabati wa aina nyingine ambao ni wa sheria tu. Megatron wa Transformers, mwaka wa 1984, aligeuka kuwa bastola, Walther P38, karibu ukubwa wa kweli. Baadaye nchi zikaanza kuogopa bastola za kuchezea zinazofanana na za kweli, na kuanzia miaka ya tisini Megatron wengi wakawa vifaru. Yaani adui aliambiwa asitoshee tena mkononi mwa mtoto, akawa kitu ambacho serikali tu ndiyo humiliki. Nacheka kila nikiwaza hivyo, lakini hakuna aliyejiuliza Megatron ni wa nani nyumbani kwao. Silaha ilibadilishwa, adui akabaki yuleyule.

Kwa nini namtetea Keldor hivi? Kwa sababu ya mparachichi ule.

Tulipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Nilikuwa na miaka minane. Mwaka ulipoanza, Turbo iliwaka, na moshi tuliuona kutoka kwetu. Chekalini ni mahali pa watu waliokuja: mashamba ya walowezi yaligawanywa baada ya uhuru, watu wakanunua vipande, Mmaragoli kando ya Mbukusu, Mkikuyu kando ya Mkabarasi, Mkalenjin ng'ambo ya mto. Wenye duka walikuwa wa kabila ambalo wiki ile halikutakiwa. Mamangu alitufungia ndani. Kwa ufa wa dirisha niliwaona vijana waliokuja na mafuta ya taa, na ninakumbuka vizuri nilichokuwa nafanya: nilikuwa natafuta uso. Nilikuwa na uhakika mmoja wao atakuwa na uso wa Linani. Hakuna aliyekuwa nao. Mmoja alikuwa ameniuzia miwa wiki mbili kabla, akaniongezea kipande. Mwingine alikuwa mwalimu wa kuimba kanisani.

Duka liliisha mchana huo. Rafiki yangu na familia yake walipita kambi ya Turbo kisha wakaenda zao, hatujawahi kuonana tena. Alienda na akta wake asiye na kichwa. Mimi nikabaki na adui, bila mtu wa kumpiga.

Tuna methali, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watu wazima waliisema sana mwezi ule, kama dawa. Nilipokuwa mdogo niliisikia kama faraja. Siku hizi naisikia kama ripoti. Zimwi lilimjua mwenye duka kwa jina, likamwachia uhai na watoto, likala kila kitu kingine.

Kwa hivyo siwezi kuukubali uso wa fuvu. Uso wa fuvu unamwambia mtoto kwamba ubaya unaonekana kutoka mbali, una rangi yake, una kicheko chake, unaishi kwenye mlima wake wa peke yake. Ni uongo wenye kutuliza, na ulinigharimu siku moja pale dirishani, kwa kuwa nilikuwa natafuta kitu kisichokuwepo badala ya kuwaangalia waliokuwepo. Keldor anasema ukweli: alikuwa wa nyumbani, alikula meza moja na sisi, uso aliuunguza mwenyewe akijaribu kuunguza wa ndugu yake.

Najua pingamizi. Kuna watu wamechoka na hadithi hizi za "adui naye aliumizwa". Kila adui sasa ana utoto mbaya na muziki wa huzuni, mwisho unatoka kwenye sinema ukimhurumia mchomaji kuliko waliochomewa. Nakubali nusu. Filamu ya Mufasa inaponea chupuchupu hapo, maana Taka anapewa wimbo, mapenzi na kovu la ushujaa, halafu usaliti wenyewe unapita haraka kama aibu. Lakini dawa ya hiyo si kurudi kwa fuvu. Kumjua mtu si kumsamehe. Yule muuza miwa namjua mpaka leo, ananisalimia, namwitikia, na hakuna siku hata moja ambayo kumjua kulinifanya nione duka halikuchomwa. Kosa la ukarabati huu ni kwamba hauendi mbali. Wanampa adui jina, ndugu na ukoo, kisha wanamrudisha kwenye boksi. Ndugu akishajulikana ni ndugu, kuna kikao. Kuna kuulizwa. Hakuna boksi lililoandikwa nyuma yake Keldor aliulizwa nini na familia.

Kosa la pili ni la bei. Ukweli huu wote uliandikwa nyuma ya boksi la watu wazima, walioununua kwa sababu wakiwa watoto walidanganywa na fuvu. Anayehitaji kuambiwa kwamba adui ana uso wa kawaida ni mtoto wa miaka minane. Yeye bado anapata wa gunia, asiye na miguu wala maelezo.

Ndiyo maana nilifanya kosa ambalo yule jamaa wa Nairobi hatanisamehe. Nilifungua boksi.

Nakaa kwa bro, kwenye chumba cha nje. Nilitoka chuo mwaka wa pili. Kabla ya hapo mzee alikuwa ameuza nusu ekari ili nisome, nusu ekari ambayo ingekuwa ya bro. Hakuna anayelitaja hilo mezani. Linakaa tu pale karibu na chumvi. Watoto wake watatu walimwona Skeletor na wakafanya ambacho watoto hufanya. Wa kati, msichana wa miaka tisa, akauliza swali ambalo mimi katika miaka yangu yote ya vidioni sikuwahi kuuliza.

"Anko, kwani huyu alifanya nini?"

Nikawaeleza habari za Keldor. Ndugu wa kambo, ufalme, ile tindikali. Wakasikiliza bila kupepesa. Kisha mkubwa akasema, kama mtu aliyepata jibu la hesabu: "Kumbe ni anko wao."

"Ni anko wao," nikasema.

"Na hakupewa shamba?"

Wakaenda nyuma ya nyumba. Nilidhani wanaenda kupigana. Nilipowafuata baada ya saa moja nikakuta kesi. Gunzi moja lilikuwa chifu. Magunzi mengine mawili yalikuwa wazee wa kijiji. He-Man alikuwa chupa ya dawa ya kikohozi. Skeletor alikuwa amekaa chini, magoti yamekunjwa, na hapo ndipo nilipoelewa kazi ya hivyo viungo 16: yule wangu wa zamani asingeweza kukaa kwenye kikao. Wakamuuliza maswali. Mbona ulitaka kuunguza ndugu yako? Mbona hukuja kuongea? Mdogo, ambaye ana miaka mitano, alimjibia kwa sauti nzito kwamba alikuwa na njaa. Chifu akasema hiyo si sababu.

Hukumu ilitoka kabla ya uji. Apewe kashamba kadogo karibu na mto. Asiguse kasri la Grayskull. Na amwombe chupa msamaha mbele ya watu, akitaja alichofanya, bila kucheka kile kicheko chake.

Bro alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Alisikia yote. Hakuniangalia, nami sikumwangalia. Akasema tu, "Hawa watoto wamekuwa wanasheria," akarudi ndani. Kwa familia yetu, hicho ni kikao kikubwa kuliko vyote tulivyofanya tangu nitoke chuo.

Basi, je, ununue? Ukiwa na elfu tano na mia tano za kuchezea, na uko na mtoto karibu, nunua Origins, na ufungue siku hiyohiyo. Mtoto umwambie kabla ya kumpa: huyu anaitwa Keldor, ana ndugu. Ukiwa unataka wa kuweka kwa kabati, nunua Masterverse, ni mzuri zaidi kwa picha. Ukipata wa 1982 kwenye gunia Turbo, hata bila miguu, nunua kwa ajili ya ngumi.

Jamaa wa Nairobi alipiga simu juzi. Kapata mteja anayemtaka Skeletor wa aina yangu, atanipa pesa zangu zote pamoja na kitu juu, mradi tu boksi liwe zima. Nilienda kuliangalia. Watoto wametoboa matundu ubavuni, ndani kuna kifaranga mgonjwa na kitambaa.

Nikamwambia boksi lina mtu.